Anwani ya Kuazima: Uhakiki wa Lugha ya Waraka wa DHCP

Mwezi wa Machi, mwaka 1997, ulitolewa huko Marekani waraka wa kurasa 45 ulioandikwa na Ralph Droms, ambaye wakati ule alikuwa mwalimu wa elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Bucknell, jimbo la Pennsylvania. Waraka huo ni wa 2131 katika mfululizo wa nyaraka za intaneti ujulikanao kwa herufi tatu, RFC. Mfululizo huo ulianza mwezi wa Aprili 1969, na jina lake maana yake ni ombi la maoni. Waraka waeleza itifaki iitwayo DHCP, yaani taratibu ambazo kwazo kompyuta iliyounganishwa na mtandao hujipatia anwani kutoka kwa seva, pasipo mtu kuiandika anwani hiyo kwa mkono. Maandishi ambayo maagizo yake hutekelezwa kila siku mara nyingi kama haya ni machache. Kila simu iingiapo katika mtandao wa nyumba, wa ofisi au wa hoteli, kwa kawaida hutimiza yaliyoandikwa humo, ijapokuwa mwenye simu hajapata kulisikia hata jina lake.

Mafundi wameusoma waraka huu kama mafundi, nao wana haki. Hapa utatazamwa kama maandishi, kwa sababu mbili. Kwanza, waraka hauelezi mashine tu, bali waeleza mazungumzo: nani aanze kusema, nani ajibu, nani anyamaze, na neno la nani likubaliwe. Ili kuyaeleza hayo mtungaji amelazimika kutumia maneno ya maisha ya watu, kama vile mwenyeji, mteja, mtumishi na mpango wa nyumba kwa kodi. Pili, maneno hayo sasa yabisha hodi katika Kiswahili, na kila afasiriye kitabu cha mafunzo au maelezo ya chombo hana budi kuyachagulia visawe. Uchaguzi huo si jambo dogo, maana jina likikosewa huficha kazi ya kitu na hatari yake pia. Jambo litakalooneshwa hapa ni hili, kwamba vitendo vinavyosimuliwa katika waraka wa 1997 ni vizuri kuliko majina yake, na kwamba udhaifu mkubwa wa itifaki hii umefichwa na majina hayohayo.

Yafaa kwanza kujua waraka ulitoka wapi. Kila kompyuta katika mtandao yahitaji anwani ya namba, kwani pasipo anwani haiwezi kuletewa kitu. Mwezi wa Juni 1984 ilitolewa itifaki iitwayo RARP, ambayo kwayo kompyuta isiyo na diski iliweza kuuliza anwani yake ni ipi. Mwezi wa Septemba 1985 Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa kampuni ya Sun Microsystems walitoa itifaki nyingine, BOOTP, iliyoweza pia kuijulisha kompyuta mahali pa kupata faili ya kuanzia kazi. Katika mifumo hiyo miwili, seva ilikuwa kama karani mwenye daftari: jina la kila mashine lilikwisha andikwa na msimamizi, na kando yake anwani yake. Asiyeandikwa hakupata kitu. Utaratibu huo ulitosha mahali ambapo mashine zilikaa juu ya meza ileile mwaka hata mwaka. Lakini kompyuta zilipoanza kubebwa mkononi, zikiingia na kutoka, daftari la namna hiyo halikufaa tena. Tena anwani zenyewe hazikuwa nyingi. Anwani za aina ya nne ya itifaki ya intaneti zina tarakimu 32 za namba mbili, kwa hiyo jumla yake haizidi 4,294,967,296, na hifadhi kuu ya anwani hizo ilikwisha gawanywa yote tarehe 3 Februari 2011. Ilipasa basi anwani itumiwe na mmoja leo na mwingine kesho. Hilo ndilo jambo jipya la DHCP juu ya BOOTP: anwani kutolewa kwa muda, kisha kurudi katika akiba.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Kompyuta iingiayo haina anwani, nayo haijui seva iko wapi wala kama ipo. Kwa hiyo yatoa sauti kwa wote walio katika mtandao ule, ikitumia sufuri tupu mahali pa anwani yake, 0.0.0.0, na 255.255.255.255 mahali pa anwani ya mpokeaji, ndiyo anwani ya watu wote. Seva iliyosikia, nayo yaweza kuwa moja au zaidi, yajibu kwa kutaja anwani iliyo tayari kuitoa, pamoja na muda wake na habari nyingine, kama vile njia ya kutokea nje ya mtandao na seva ya kutafsiri majina. Kompyuta yachagua jibu moja, kisha yatoa sauti tena kwa wote, ikiitaja seva iliyochaguliwa. Seva ile yathibitisha, na shughuli imekwisha. Ujumbe ni minne tu, na mara nyingi yote hupita kabla mwenye kompyuta hajaketi vizuri.

Ujumbe wa kwanza umepewa na mtungaji jina lenye maana ya kugundua. Jina hilo halilingani na kitendo. Agunduaye huenda mwenyewe akatafuta, akafunua kilichofichika, lakini kompyuta hii haiendi mahali wala haifunui kitu. Yaita tu, kisha yangoja. Kiswahili kina neno la kitendo hicho tangu zamani, nalo ni hodi. Asemaye hodi hajui nani yumo ndani, wala hajui kama yumo mtu, na hamwiti yeyote kwa jina. Sauti yake ni ya wote, na yeyote mwenye haki aweza kuijibu. Hata adabu ya kurudia imo katika waraka. Kompyuta isipojibiwa imeshauriwa kungoja kiasi cha sekunde 4 kabla ya kuita tena, kisha 8, kisha 16, ikiongeza hivyo hata 64, na kila mara muda huo upunguzwe au uzidishwe kidogo kwa bahati nasibu. Sababu yake ni ya busara. Umeme ukirudi katika jengo lenye kompyuta mia mbili, zote zitaamka kwa pamoja, na kama zote zaita kwa pamoja hapana itakayosikika. Basi neno la kugundua lamsifu mwombaji kwa kazi asiyoifanya, na hodi lasema kweli.

Jibu la seva limeitwa kwa neno la Kiingereza ambalo Kiswahili cha leo kimekwisha lichukua kuwa ofa. Lakini ofa katika masikio ya watu wengi ni kitu cha bure au bei iliyopunguzwa ili kumvuta mnunuzi, na hapa hapana bei wala ushawishi. Seva husema tu kwamba nafasi ipo, na kwamba nafasi yenyewe ni hii. Lililo zuri zaidi ni lile linalofuata. Kompyuta ikichagua jibu moja kati ya matatu, haiendi kwa siri kwa yule iliyemchagua. Uchaguzi hutangazwa kwa wote, na waraka waeleza kwamba seva ambazo hazikuchaguliwa zipokee tangazo hilo kuwa habari ya kukataliwa kwao. Kwa neno moja mmoja akubaliwa, na wengine wapewa ruhusa ya kurudisha anwani zao katika akiba. Huko ni kutumia maneno machache kwa faida nyingi, nako kwastahili kusifiwa katika maandishi yoyote.

Kadhalika kuna agizo moja la kunyamaza ambalo laonesha jinsi mtungaji alivyofikiri juu ya ujirani. Kompyuta iliyozimwa ikawashwa yaweza kuanza kwa kuulizia anwani yake ya zamani, pasipo kuanza upya. Seva ijuayo kwamba anwani hiyo haifai mahali hapo hukataa kwa ujumbe maalumu. Lakini seva isiyo na habari yoyote ya kompyuta hiyo imeamrishwa inyamaze kimya. Hairuhusiwi kukataa jambo isilolijua. Sababu yatajwa: huenda seva mbili zisizowasiliana zakaa katika mtandao mmoja, na kama kila moja ingekataa wageni wa mwenziwe, hapana mgeni ambaye angekaa kwa amani. Msomaji aliyezoea nyaraka za serikali na za makampuni atakiri kwamba si mara nyingi sheria humwamuru mwenye mamlaka kunyamaza juu ya jambo asilo na elimu nalo.

Sasa yafika penye neno lililo kubwa kuliko yote katika waraka. Muda ambao kompyuta hupewa anwani umeitwa kwa neno la sheria ya Kiingereza litumikalo kwa nyumba, mashamba na mali nyingine inayotolewa kwa muda kwa malipo. Wafasiri wa Kiswahili wana njia tatu mbele yao, yaani kukodi, kupanga na kuazima, na kila moja yapasa kupimwa.

Kukodi kuna malipo ndani yake, kwa kuwa asili ya neno hilo ni kodi, na mtu akodiye gari au baiskeli hujua kwamba saa ikipita deni laongezeka. Katika DHCP hapana malipo yoyote kati ya kompyuta na seva. Yawezekana mwenye nyumba amemlipa mwenye mtandao, au mgeni amelipa hoteli, lakini malipo hayo yako nje ya itifaki, na waraka hauna habari nayo. Mwanafunzi atakayefundishwa kwamba kompyuta yake imekodi anwani atauliza, na ni haki yake kuuliza, kwamba kodi yalipwa kwa nani.

Kupanga kwaonekana kuwa karibu zaidi na asili ya Kiingereza, maana mtu hupanga nyumba au chumba kwa muda uliokubaliwa. Lakini hapa pana shida ya namna nyingine. Neno kupanga latumika vilevile kwa maana ya kuweka mambo katika utaratibu wake, na kazi yote ya DHCP ni kuipanga kompyuta kwa maana hiyo ya pili, yaani kuipa taratibu zake za mtandao. Tukio moja litakuwa na mpangaji aliyepanga anwani na mpangaji aliyezipanga taratibu, na msomaji hatajua ni yupi mwombaji na ni yupi mtoaji. Neno lenye maana mbili si kosa katika lugha, lakini maana zote mbili zikikutana katika sentensi moja ya ufundi, sentensi hiyo haifundishi tena.

Yabaki kuazima. Kiswahili chatofautisha vizuri kati ya kukopa na kuazima. Mtu hukopa fedha au unga, na atakacholipa si kilekile alichopewa, lakini huazima jembe, ngazi au kitabu, na atakachorudisha ni kilekile. Anwani ni ya namna hii. Iliyotolewa ndiyo irudiyo, haipunguki kwa kutumiwa, na ikirudi hupewa mwingine. Wala hapana malipo, ila masharti: itumiwe kwa muda, irudishwe au iombewe muda zaidi. Waraka wenyewe una ujumbe wa kurudisha anwani kabla ya wakati, kama mtu mwungwana arudishavyo ngazi ya jirani mara kazi ilipokwisha. Tena kuna ujumbe wa kuikataa. Kompyuta imeshauriwa kuchunguza kwanza kama anwani iliyopewa haitumiki na mwingine, na ikiona yatumika, iirudishe kwa seva na kungoja si chini ya sekunde 10 kabla ya kuanza upya.

Haifai hata hivyo kulitetea neno hili pasipo kutaja kasoro zake. Ya kwanza ni kwamba kuazima husemwa kwa pande zote mbili, anayetoa na anayechukua, kwa hiyo katika maandishi ya ufundi yafaa kuweka kuazima kwa mchukuaji na kuazimisha kwa mtoaji, wala pasiwe na kubadilishana. Ya pili ni kwamba nomino iliyo tayari, azimio, imekwisha chukuliwa na maana ya uamuzi wa watu wengi, na tangu Azimio la Arusha la 1967 hapana atakayeisikia kwa maana nyingine. Basi imesalia kusema uazimaji kwa kitendo na muda wa kuazima kwa kipindi. Ya tatu ni nzito zaidi, nayo yahusu haki. Aliyeazima kitu cha jirani aweza kuombwa akirudishe siku yoyote, lakini katika waraka wa 1997 seva imefungwa na ahadi: kabla muda haujaisha haitampa mwingine anwani hiyo, wala haina ujumbe wa kuidai kabla ya wakati. Hapo neno la Kiingereza lina haki kuliko kuazima, kwa sababu latia ndani haki ya mpangaji hata mbele ya mwenye nyumba. Ndiyo maana haitoshi kusema kuazima peke yake. Sharti muda utajwe pamoja nalo, maana katika kutaja muda ndimo ilimo ahadi ya seva.

Juu ya muda huo waraka umeandika vifungu vilivyo bora kuliko vyote. Kompyuta haingoji muda uishe ndipo iombe tena. Nusu ya muda ikipita, yamwendea seva aliyeazimisha na kuomba kuongezewa. Isipojibiwa, yangoja hata sehemu saba katika nane za muda, kisha yawaita wote, ikitafuta seva yoyote itakayokubali. Kwa muda wa saa 24, maombi ya kwanza huja saa 12 zikipita, na ya pili saa 21 zikipita. Ikifika mwisho pasipo jibu, sharti iache kuitumia anwani mara moja. Kuna na habari ya saa zenyewe. Saa ya kompyuta na saa ya seva zaweza kuhitilafiana, na kama seva ina haraka kidogo, yaweza kudhani muda umekwisha wakati kompyuta yaona bado. Kwa hiyo waraka waruhusu seva kuiambia kompyuta muda mfupi kuliko ule iliouandika katika daftari lake. Msomaji wa haraka ataona hapo ni kumdanganya mwombaji, lakini tofauti hiyo ni akiba ya usalama kwa pande zote mbili, kwani aambiwaye arudishe alasiri hatamkosesha mwenye kitu anayekihitaji jioni.

Hata jambo la kudumu limeshughulikiwa kwa uangalifu. Waraka wataja namna tatu za kugawa anwani: ya kudumu itolewayo na seva yenyewe, ya muda, na ile iliyochaguliwa na msimamizi ambayo seva huifikisha tu. Lakini palipotajwa anwani za kudumu mtungaji aweka neno hilo kati ya alama za kunukuu, kisha aeleza kwamba seva yaweza kuchagua kutoa muda mrefu badala ya muda usio na mwisho, ili kompyuta iliyokwisha ondolewa kazini ipate kujulikana. Kwa lugha nyingine, hapana cha kudumu kilicho salama ila kile kinachoulizwa mara kwa mara. Wahenga waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walikuwa na fikira isiyo mbali na hiyo.

Mgeni huyo ndiye alete shida ya jina la pili. Jina lenyewe la itifaki laiita kompyuta iombayo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mwenyeji. Waraka wafafanua kwamba mwombaji ni mwenyeji wa intaneti, na kwamba seva nayo ni mwenyeji wa intaneti, hata ikawa mwenyeji amwomba mwenyeji mahali pa kukaa. Asili yake yajulikana. Waraka wa kwanza wa mfululizo huu, wa Aprili 1969, ulikuwa juu ya programu za kompyuta za mtandao wa ARPANET, nazo ziliitwa wenyeji kwa haki, kwa kuwa zilikuwa mashine kubwa zilizowapokea watu wengi kufanya kazi kwa wakati mmoja. Ukubwa ukaondoka, jina likabaki, na leo simu ya mfukoni yarithi cheo cha mashine iliyojaza chumba. Mfasiri akiandika mwenyeji kwa kifaa kinachoingia bila anwani, bila kujua njia, na kwa kuomba, atakuwa ameyapindua mambo. Huyo ni mgeni. Mwenyeji ni seva, naye ndiye mwenye anwani, ndiye aoneshaye njia, ndiye asemaye muda.

Na seva yenyewe imeitwa kwa neno la utumishi. Ni kweli kwamba yatumikia, lakini mtumishi huyu ndiye aamuaye mgeni akae chumba gani, atoke kwa mlango gani, na akitaka kujua jina la mahali aulize kwa nani. Mtumishi wa namna hiyo ni bwana. Kwa bahati njema Kiswahili kimelichukua neno seva jinsi lilivyo, nalo kwa kuwa halina maana nyingine katika Kiswahili halimdanganyi mtu. Yafaa liachwe lilivyo.

Hapa ndipo udhaifu wa waraka waonekana, nao ni udhaifu wa maandishi kama ulivyo wa ufundi. Mgeni aliyepiga hodi katika mtaa apokea jibu la kwanza limfaalo. Ni nani aliyejibu? Hodi ya watu ina mlango, na mlango una mwenyewe ajulikanaye na majirani. Hodi ya kompyuta hupigwa njiani, pasipo mlango, na yeyote aliye katika mtandao ule aweza kuitika karibu. Mwenye hila akisimamisha seva yake akajibu upesi kuliko mwenye haki, aweza kumpa mgeni njia ipitayo kwake, au seva ya majina itakayompeleka penye hadaa. Waraka haukulificha jambo hili. Wakiri kwamba itifaki jinsi ilivyo haina usalama wa kutosha, kwamba ni rahisi kusimamisha seva isiyo na idhini, na kwamba waombaji wa uongo nao waweza kuzimaliza anwani zote. Lakini maungamo hayo yako ukurasa wa 43, katika sehemu ya saba, baada ya shukrani na baada ya orodha ya marejeo, mahali ambapo wasomaji wengi wamekwisha funga kitabu. Kurasa zote zilizotangulia zimejaa mteja, mtumishi na mpango wa nyumba, maneno ya soko na ya mkataba, ambayo yamfanya msomaji aamini kwamba pande mbili zinazojuana zimekubaliana. Kumbe hapana kujuana. Kuna hodi na jibu tu.

Tangu wakati huo zimejaribiwa dawa. Mwezi wa Juni 2001 ulitolewa waraka wa 3118, ulioeleza namna ya kuthibitisha ujumbe wa DHCP, lakini njia hiyo haikuenea. Iliyoenea ni njia ya nje ya itifaki, ambapo swichi za mtandao huwekwa ili zipitishe majibu ya seva kutoka katika tundu zilizoaminiwa tu. Hiyo ni sawa na kuweka bawabu mtaani kwa kuwa nyumba hazina milango. Lakini si kila mtandao una bawabu. Mwezi wa Mei 2024 wachunguzi walionesha hadharani kwamba seva yenye hila katika mtandao wa mahali yaweza kutumia kipengele cha 121 cha DHCP, kilichoongezwa mwaka 2002 kwa ajili ya kutaja njia, ili kuyatoa mawasiliano ya mtu nje ya njia ya faragha iitwayo VPN, huku chombo chake kikimwambia kwamba yumo ndani ya njia hiyo. Hapakuvunjwa kufuli. Mgeni aliambiwa apite huku, naye akapita, kwa sababu itifaki yamfundisha kutii.

Huenda mtu akasema kwamba majina ni majina, na kwamba mashine haijali kama yaitwa mgeni au mwenyeji. Mashine kweli haijali. Lakini mashine haichagui mtandao wa kuingia, haipangi swichi, wala haifundishi darasa. Watu ndio wafanyao hayo, na watu huongozwa na maneno. Mtu aliyefundishwa kwamba simu yake ni mteja aliyekodi anwani kwa mtumishi atajiona ana mkataba. Aliyefundishwa kwamba simu yake ni mgeni aliyepiga hodi mtaani, akaazimishwa anwani kwa muda na yule aliyeitika kwanza, atauliza mara moja ni nani huyo aliyeitika. Swali hilo ndilo kinga ya kwanza, na lugha iliyo sahihi humpa mtu swali hilo pasipo somo jingine.

Kwa hiyo waraka wa 1997 wastahili sifa kwa mambo mengi: ufupi wa mazungumzo yake, adabu ya kumkataa mmoja pasipo kumsumbua, amri ya kunyamaza kwa asiyejua, na hesabu yake ya muda. Wastahili lawama kwa kuyavika hayo yote maneno ya mkataba, na kwa kuiweka hatari mwisho wa kitabu. Mfasiri wa Kiswahili hakufungwa kurudia kosa hilo. Akiandika hodi kwa ujumbe wa kwanza, mgeni kwa kompyuta iombayo, seva kwa mtoaji, na kuazima kwa muda kwa kile kinachotolewa, atakuwa ameeleza itifaki kwa uaminifu kuliko lugha ilimoandikwa. Na kama ataliweka onyo la ukurasa wa 43 mbele, karibu na neno hodi, msomaji wake atajua tangu mwanzo kwamba si kila karibu yatoka kwa mwenye nyumba.